Unga wa Paa Letu

Maji ya visima vya mtaa wetu hapa Malindi yana chumvi. Kuoga unaoga, kufua unafua, lakini chai yake hainyweki, na maharagwe yakichemshwa humo hayaivi upesi. Ndiyo maana kila nyumba yenye paa gumu ilikinga maji ya mvua. Na ndiyo maana kila mwaka, masika yakikaribia, wanaume wa mtaa tulipanda juu kuyakwangua mapaa yetu.

Paa letu lilikuwa la asbesto. Baba yangu ndiye aliyeliezeka, nami nikalirithi pamoja na nyumba. Yalikuwa mabamba ya kijivu yenye mawimbi, mazito, kama saruji iliyokunjwa, na siku hizo mwenye nayo alionekana mtu. Bati lilichemka mchana na kupiga kelele wakati wa mvua. Makuti yalioza na kuingiwa na wadudu. La kwetu lilikuwa na ubaridi na ukimya, na baba alijivunia hilo hadi anakufa. Kasoro yake ilikuwa moja tu: liliota ukungu wa kijani, na ukungu ule ukiingia tangini, maji hunuka.

Nilikwangua pakavu. Tuliamini kwamba uchafu ukiloweshwa utashuka wote kwenye mfereji hadi tangini, na tangi likichafuka mwanzo wa masika, mwaka mzima umeharibika. Kwa hiyo nilipanda na brashi ya waya jua likiwa kali, paa limekauka vizuri, nikasugua bamba moja baada ya jingine. Chini alisimama mke wangu na shuka kuukuu, akipokea kilichoanguka.

Hakukitupa chote. Alikichekecha, vipande vya kijani akavimwaga shinani mwa mpapai, na uliobaki ulikuwa unga wa kijivu, laini, wenye kukwaruza kidogo ukiusugua kwa vidole. Aliuchanganya na jivu la jikoni akautia koponi. Kwa unga huo na kumbi la nazi alisugua masizi ya masufuria, na masufuria yake yaling'aa kuliko ya mtu yeyote mtaani. Kwenye shughuli za harusi aliitwa yeye.

"Hebu tuambie siri," jirani mmoja alimtania. "Unasugulia dawa ya mganga?"

"Dawa ya mume mwenye paa," akamjibu. "Mwambie wako naye ajenge."

Wanawake wakacheka, nami niliyekuwa barazani nikavimba kichwa.

Mimi niliishia kidato cha nne, kisha nikapata kazi ya kutunza stoo katika hoteli moja ya Kikambala. Nilikaa huko siku za kazi na kurudi Malindi nikipata mapumziko. Wakati mmoja wenye hoteli waliamua kuondoa mapaa ya nyumba za zamani za wafanyakazi, na mabamba yake yalikuwa sawa kabisa na ya kwangu. Waliletwa watu wenye ujuzi wa kazi hiyo. Walizungusha utepe, wakavaa nguo nyeupe za kufunika mwili hadi kichwani, na barakoa nene zenye vichujio. Paa walilirushia maji ya rasharasha hadi likalowa. Skrubu walizilegeza moja moja, hakuna aliyeshika nyundo. Kila bamba lilishushwa zima, polepole, kama watu wanaobeba kioo, likafungwa ndani ya plastiki nzito na kubandikwa maandishi ya tahadhari, kisha likachukuliwa na lori lenye kibali kwenda kufukiwa mahali palipotengwa. Sakafu hawakuifagia. Waliipangusa kwa vitambaa vibichi, na vitambaa vyenyewe wakavifunga kwenye plastiki.

Sisi wafanyakazi tulisimama mbali tukitazama.

"Yaani miaka yote tumelala chini ya sumu," mpishi mmoja akasema kwa sauti, "na bado tunakatazwa sigara vyumbani, eti afya!"

Msimamizi wa kazi ile alitusikia, akaja kutueleza. Alisema bamba zima likiachwa lilivyo, halina shida kubwa. Ubaya ni kulikata, kulitoboa, kulivunja au kulikwangua, kwa sababu vumbi lake lina nyuzi ndogo ambazo jicho halizioni. Zikiingia kifuani hazitoki. Ugonjwa wake hauji leo wala kesho, huja mtu akiwa ameshasahau hata alikolivutia vumbi lenyewe.

"Kuna mwenye paa kama hili kwake?" akauliza.

Mkono wangu ulibaki mfukoni.

Masika yaliyofuata nilipanda juu kama kawaida. Jambo pekee nililobadilisha ni kwamba nilijifunga kitambaa puani. Mke wangu akaniuliza kulikoni, nikamwambia nina mafua. Yeye alisimama chini na shuka lake, uso ameuinua, akinielekeza.

"Hapo kushoto, Mzee. Bado pana kijani."

Nikakwangua hapo kushoto.

Watu wachache niliowasimulia baadaye wameniuliza nilikuwa nafikiri nini. Nilifikiri mengi, na yote yalikuwa ya kujitetea. Kumwambia mke wangu ni kukiri kwamba nyumba niliyomleta nilipomwoa haifai, na sikuwa na paa jingine la kumpa. Nikajiambia nitamwambia tukipata bati. Nikajiambia kwamba maneno ya Kikambala ni ya hotelini, ambako hata maji ya bwawa la kuogelea hupimwa kila siku. Kisha mwaka ukapita, ukaja mwingine, na ukweli ukazidi kuwa mgumu kutamka, maana sasa ningelazimika kueleza pia kwa nini nilinyamaza. Kila masika nilikuwa na mafua.

Kifua kilimshika mke wangu baada ya mimi kustaafu. Mwanzoni alikuwa akisimama kati ya tangi na jiko, mkono ukutani, kama mtu aliyesahau alichokifuata. Baadaye hata kuinama kufagia kukamshinda. Alitibiwa pumu, akapimwa kifua kikuu asionekane nacho, akanywa dawa za kila rangi. Mwishowe tukaenda Kilifi, tukapokewa na daktari mmoja, binti mpole.

"Shikamoo mama. Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu."

Alimsikiliza mke wangu kifua kupitia mgongoni kwa muda mrefu. Kisha akamuuliza kama aliwahi kufanya kazi yenye vumbi: kiwandani, kwenye machimbo, kwenye ujenzi.

Mke wangu akacheka mpaka kikohozi kikamkatiza. "Mimi? Kazi yangu mimi ni masufuria tu, mwanangu. Muulize huyu, tangu anioe sijaajiriwa."

Daktari akanigeukia. "Mzee, una la kuongeza?"

"Hapana," nikasema.

Tuliporudi nilishindwa kulala chini ya paa lile. Dada wa mke wangu, anayelima Tezo, alimwomba akapumzike kwake, nami nikaona nimepata nafasi: paa liondoke akiwa hayupo, akirudi akute bati, nami nimwambie nimetaka kumfurahisha. Nikawaita watu wenye ujuzi wa kuondoa mapaa ya asbesto, kama wale wa Kikambala. Walikagua, wakanieleza masharti. Majirani wote waarifiwe mapema, wafunge madirisha na kuanua nguo. Vyombo na nguo za kitanda vitolewe au vifunikwe. Mama asirudi mpaka nyumba ipanguswe yote na kukaguliwa.

"Nataka jambo la kimyakimya," nikawaambia.

"Kazi hii haina kimyakimya, baba. Usipowaambia watu, utawadhuru."

Nikawaaga. Asubuhi iliyofuata nilimleta fundi wa mtaani, aliyekuja na nyundo na ngazi.

"Na vumbi?" nikamuuliza.

"Vumbi?" Akacheka. "Mzee, mimi nimekula vumbi kuliko ugali. Wewe andaa chai, adhuhuri utaliona jua ukiwa kitandani."

Akapanda. Pigo la kwanza lilipasua bamba la pembeni, likaanguka uani na kuvunjika vipande. Likainuka vumbi jepesi la kijivu, likaelea taratibu juu ya ua wa makuti hadi upande wa pili, ambako jirani yangu, mama mwenye mtoto mchanga, alikuwa anaanika nepi.

"Shuka!" nikapiga kelele. "Shuka sasa hivi!"

"Una nini, Mzee? Ndiyo kwanza nimeanza!"

"Nimesema shuka!"

Alishuka akinitukana, akaenda zake. Nilimwagia vipande maji hadi vikalowa, nikavifunika kwa turubai bila kuvigusa, kisha nikaenda kwa jirani. Nilimwambia amwingize mtoto ndani, zile nepi azitie majini bila kuzikung'uta, na yeye mwenyewe akaoge na kubadili nguo. Akataka kujua sababu, nikamweleza. Alinisikiliza akiwa ameikumbatia nepi aliyokuwa ameishika, kisha akagutuka na kuitupa kwenye beseni.

"Na mkeo anajua?" akauliza.

Niliondoka siku hiyohiyo kwenda Tezo.

Nilimkuta ameketi mkekani ukumbini, dada yake akipukuchua mahindi. Nikamwomba dada mtu atupishe kidogo. Nikamweleza mke wangu yote, tangu Kikambala hadi nyundo ya asubuhi ile, na kitambaa nacho sikukiruka. Alinitazama muda wote bila kupepesa.

"Kwa hiyo hukuwa na mafua," akasema.

"Sikuwa nayo."

"Nilikuwa nakuchemshia tangawizi. Kila mwaka."

Nikajaribu kumshika mkono, akautoa.

"Binti yetu alipoolewa nilimpa kopo zima," akasema. "Mpigie. Wala usimwambie ni mama yake kasema. Sema mwenyewe, kwa mdomo wako."

Nikapiga mbele yake. Binti yetu alisema unga ule uliisha zamani, sasa anatumia steelwool ya dukani, kwani kuna nini? Nikamweleza. Akakata simu. Muda si muda akapiga tena, akaomba kuzungumza na mama yake, nami nikatoka nje nikawaacha.

Wale wenye ujuzi nikawarudia, na safari hii niligonga kila mlango wa mtaa mwenyewe kuwaarifu watu. Wengine walinishukuru. Wengine wenye mapaa kama langu walinitazama kana kwamba nimewaletea mimi ugonjwa, na pengine wana haki, maana tulikuwa tukikwangua pamoja, nami nilijua walichokuwa hawakijui. Mapaa yao bado yako. Nimewasihi wasiyaguse kabisa, wasiyakwangue wala wasiyatoboe, mpaka wapate uwezo wa kuyatoa inavyotakiwa. Langu lilishushwa bamba kwa bamba, limelowa, likafungwa, likaenda. Na vile vipande vya uani waliviokota wao, nilipovifunika. Sasa nina bati. Nyumba imekuwa ya joto, na mvua ikinyesha sisikii hata redio.

Mke wangu hakurudi. Alisema pale Tezo anapumua vizuri, nami sikuweza kubishana naye juu ya pumzi.

Siku ya kurudi kwa daktari alikuja Kilifi na dada yake, tukakutana hospitalini. Tulipoingia, kabla daktari hajafungua hata faili, nikaomba niseme. Nikasema paa, brashi, shuka, unga, kopo. Nikasema pia kwamba aliponiuliza mara ya kwanza nilimdanganya. Akaandika kwa muda, kisha akauliza mama alivuta vumbi hilo kwa miaka mingapi.

Nikafungua mdomo, lakini mke wangu akanitangulia. "Tangu nilipoolewa."

Daktari alitueleza bila kuficha. Nyuzi zikishaingia hakuna dawa ya kuzitoa. Kuna dawa za kumpunguzia shida, hewa ya mtungi ikibidi, na kumkinga na mafua na moshi. Kujua chanzo mapema kungesaidia, hata kwa yale yasiyotibika, alisema, kwa kuwa wamempa dawa nyingi ambazo hakuzihitaji. Hakuniangalia aliposema hivyo. Mke wangu alikuwa akifunga ushungi wake tayari kuondoka, akasita.

"Na huyu naye mpigeni picha ya kifua," akasema. "Yeye ndiye aliyekuwa juu."

Nikapelekwa chumba cha picha, nikavua shati, nikaegemeza kifua kwenye kile kibao cha baridi, nikaambiwa nivute pumzi niizuie. Nilipotoka niliwatafuta kwenye benchi. Askari wa mlangoni akaniambia kina mama wawili wameshapata gari la Tezo. Nikaketi pale walipokuwa wamekaa, nikasubiri jina langu liitwe.