Hewa Haina Kidogo

Asubuhi moja bado naikumbuka, mwanangu. Nakuita mwanangu ingawa sina mvi. Nimekutangulia tu kupita mlango wa maabara hii, na nimejiuliza mara nyingi kama nina haki ya kukupa nasaha. Nimeona heri niseme. Ilikuwa hapa Machakos, nilipokuwa nimehitimu fizikia juzijuzi, katika maabara hiihii tulimokuwa tukiunda chemba ya gesi.

Chemba hiyo ni pipa la chuma lililofungwa barabara, ndani mna gesi safi na nyaya nyembamba kama nywele. Kiini cha atomu kikivunjika humo, chembe zake hupita kwenye gesi na kuachilia elektroni, nazo husafiri hadi kwenye nyaya, tukaona pigo dogo la umeme. Kuvunjika tunakokutafuta ni kwa nadra. Unaweza kungoja mwaka mzima usikuone. Kwa hiyo gesi isiwe na oksijeni, maana oksijeni huzimeza elektroni zikiwa njiani.

Yetu ilikuwa ya majaribio. Wageni kutoka Nairobi walikuwa waje kuipima. Ikifaulu, tungepewa kazi ya kuunda sehemu ya chemba kubwa. Isipofaulu, kazi ingekwenda kwingine, nami ningerudi kwetu Kathiani kungoja ajira.

Basi waya wa mwisho haukuleta pigo lolote. Nikafikiri umelegea. Nikafikiri labda niliukaza vibaya mimi mwenyewe. Nikafungua kifuniko, nikachungulia, sikuona kitu, nikafunga. Kesho yake mapigo ya nyaya zote yalikuwa yamefifia. Nikafungua tena.

Mkuu wetu, Profesa Ndunge, ambaye sote twamwita Mwaitu kama tunavyowaita mama zetu kwa Kikamba, aliingia akatazama skrini, kisha akanitazama mimi.

"Umefungua?"

"Kidogo tu, Mwaitu."

"Hewa haina kidogo." Akavuta kiti. "Kwenu mnapika muthokoi?"

"Tunapika," nikajibu. Ni mahindi yaliyokobolewa pamoja na maharagwe, na huchukua muda mrefu kuiva.

"Na ni nani hufunua sufuria kila saa?"

Nikainua mkono.

"Nilijua. Wageni wa kwenu hulala njaa."

Mwenye pupa hadiriki kula tamu, nami nilikuwa na pupa ya kuhakikisha. Mwaitu alinieleza kwamba kila nilipofungua, hewa na unyevu vilinata kwenye kuta za chuma, na vingeendelea kutoka polepole vikichafua gesi. Akaniambia niwashe pampu inyonye hewa yote, nijaze gesi mpya, niizungushe kwenye kichujio, halafu nitie mikono mfukoni.

"Na huo waya?" nikauliza.

"Wasiwasi wako una haki. Ni mkono wako ambao hauna. Uulize ukiwa nje."

Nikauuliza nikiwa nje. Nilibadilisha kebo yake na ya waya wa jirani: kebo ilikuwa nzima, vifaa vilikuwa vizima, waya ndio uliokufa. Nikaomba tuutengeneze kabla ya wageni. Akakataa, gesi isingesafika kwa wakati. "Waambie," akasema. Mficha ugonjwa kifo humuumbua.

Siku ya wageni mapigo yalikuwa yamerudi marefu na safi. Kabla hawajakaa, nikawaambia kuna waya mmoja uliokufa, na ni upi. Mmoja wao akacheka.

"Ni huo mmoja tu? Ile yetu iko na zaidi, na zingine hatuzijui ni zipi."

Kazi tukaipata. Siwezi kuapa kwamba ni kwa sababu ya neno hilo. Nimelifikiria sana, na bado sijui.

Nasaha yangu ni hii, mwanangu. Wasiwasi usiufukuze, kwa maana wakati mwingine umeona kweli. Lakini usiupe ufunguo wa kifuniko. Uulize kutoka nje, ngoja kilichofungwa kijisafishe, na ukijua kasoro yako, itaje kabla hujaulizwa. Mungu akujalie macho yasiyochoka na mikono inayojua kutulia, na sufuria yako iive wageni wakiwa bado wamekaa.