Siku Niliyombeba Mama Mkwe

Kwetu magharibi, mwanamume na mama mkwe wake hawashikani mikono. Hawakai karibu, hawali pamoja, na mambo ya mwili hayatajwi kabisa. Mimi nimezaliwa Nakuru, babu ndiye aliyekuja huku kufanya kazi ya reli, lakini heshima hiyo nililelewa nayo na kwa kweli ilinifaa. Kila mtu alikaa upande wake na ugomvi haukuwepo. Miaka kumi na miwili ya ndoa, sikuwa nimemgusa mama wa mke wangu hata kidole.

Alikuwa amekuja kwetu kutoka Keringet kwa sababu ya mgongo. Maisha yake yote ameinama akichimba viazi. Daktari wa kliniki alisema diski moja ya kiunoni imetoka mahali pake na inabana neva. Akampa dawa na kumwandikia apigwe picha ya mgongo wiki iliyofuata. Alimwonya mke wangu kwamba miguu ikifa ganzi, au mkojo ukileta shida, tusingoje hiyo wiki. Mimi niliambiwa baadaye, jikoni, kwa sauti ya chini.

Siku hiyo mke wangu alikuwa kazini Naivasha, kwenye shamba la maua, ambako simu hufungiwa kabatini mpaka jioni. Watoto walikuwa shuleni. Nikabaki mimi na mama mkwe, na mlango wa chumba cha watoto katikati yetu.

Saa tatu nilibisha. "Mama, nimeweka chai hapa mlangoni."

"Asante, baba. Wacha tu hapo."

Saa tano chai ilikuwa palepale, imefanya utando. Nikamuuliza kama yuko sawa. Akasema ni mgongo tu, atalala kidogo. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na nilizunguka sebuleni nikimkasirikia yeye, mke wangu, shamba la maua, na huo mlango nisioweza kuufungua. Mwishowe nikamwita jirani wa mlango wa pili, mama mzee anayelea mjukuu. Aliingia, akakawia, akatoka amekunja uso.

"Miguu haisikii kitu," alininong'oneza. "Na kuna ingine amenikataza nikuambie. Mpeleke tu hosi. Ama niite yule mama wa kukanda, amkanyage mgongo kidogo?"

"Hakuna mtu atamkanyaga!" nilifoka, na mjukuu akaanza kulia.

Niliita teksi. Tunaishi ghorofa ya tatu na jengo letu halina lifti. Dereva alipanda, yeye na jirani wakamlaza mama juu ya blanketi, ndipo nikaitwa.

"Baba, wewe ushike blanketi tu," mama aliniambia, macho yake ukutani. "Mimi usinishike."

Nikamwahidi. Dereva alitangulia na upande wa miguu, mimi nikafuata na upande wa kichwa, ngazi moja baada ya nyingine. Tulipofika ghorofa ya pili nilisikia blanketi likichanika mkononi mwangu. Sikufikiri. Niliachilia kitambaa nikamdaka, mkono mmoja mgongoni, mwingine chini ya magoti.

"Boss, pole pole! Mathe ataumia!" dereva alipiga kelele.

Nilimbeba hivyo mpaka chini. Alikuwa amefumba macho, anamwita Mungu. Kila hatua niliogopa kwamba ninamalizia kuvunja kilichobaki. Karibu na mlango wa chini nikahisi kitu cha moto kwenye mkono wangu, kikalowesha shati na kushuka kwenye suruali. Nikamtazama usoni. Hakuwa na habari. Hapo ndipo nilipoogopa kabisa, maana mtu mzima na heshima zake angejua jambo kama hilo kabla yangu.

Hospitalini mama alipimwa na daktari msichana, mpole, aliyechoka. Nilikaa nje ya pazia, na pazia lenyewe lilikuwa jepesi. Mama alijua nipo.

"Mama, mkojo unatoka vizuri?"

"Vizuri."

"Hujapoteza mkojo bila kujua?"

"Hapana, daktari."

"Basi tutakulaza, tupige picha kesho asubuhi."

Ningeweza kumwita daktari kando. Nimejiambia hivyo mara nyingi tangu siku hiyo. Lakini niliposikia neno kesho nilifungua pazia kwa nguvu.

"Si kweli! Amenikojolea mkononi kwenye ngazi na hakujua! Shika hili shati uone!"

Foleni nzima iligeuka. Daktari aligusa mkono wa shati, akakimbilia simu. Mama alijifunika uso kwa leso yake.

Picha ilipigwa saa ileile, na kabla ya jioni alikuwa chumba cha upasuaji. Baadaye daktari alituambia kwamba neva za miguu na za kibofu zilikuwa zimebanwa vibaya, na kwamba tungengoja asubuhi huenda zisingerudi. Mama alikaa hospitalini, akafanyishwa mazoezi, akatembelea mkongojo kwa miezi.

Hajarudi kwetu. Salamu huzituma kupitia kwa mke wangu, za watoto kwanza. Mke wangu ananiambia nimpe muda, nami najibu sawa, ingawa inaniuma.

Mwisho wa mwaka tulienda Keringet. Alikuwa ameketi mbele ya jiko lake akichagua viazi vya mbegu. Aliponiona langoni aliinuka, bila mkongojo, mkono kwenye goti tu, akaondoka kuelekea nyuma ya nyumba. Nilisimama na zawadi zangu mkononi nikiitazama ile miguu ikienda, wa kulia, wa kushoto, inakanyaga imara kabisa ikinikimbia, nikalia kwa furaha na kwa aibu mpaka mke wangu akaja kunishika mkono.