Sufuria ya Kwanza ya Karamu ya Sita

Miaka haipigi hodi; huingia kimyakimya, ikachukua nguvu za magoti na kuacha mvi. Thelathini na mmoja ilikwisha kupita tangu Bi Thuwaiba binti Saleh, mjane wa Mji Mkongwe wa Bagamoyo, alipoanza kupika sufuria ya kwanza ya Karamu ya Sita.

Karamu hiyo ilianza mwaka ambao masika yalibomoa nyumba za mtaani, na wenye majiko wakawafuturisha wasio nayo katika zile siku sita za funga ya Mfunguo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani. Nyumba zikajengwa upya, desturi ikabaki. Siku hizi huja wageni hata kutoka Dar es Salaam, wakajipanga mbele ya maturubai. Lakini hakuna anayekula kabla sufuria ya kwanza haijafunuliwa baada ya magharibi.

Bi Thuwaiba alikuwa amechoka. Mara tatu alimwomba Mzee Abdulwahab, msimamizi wa karamu, ampumzishe, na mara tatu alijibiwa kwamba mkono wake hauna badala. Sifa hiyo ilimlemea kuliko kuni.

Mwaka huu alitia chumvi katika pilau, akaenda kuswali alasiri, akarudi, akatia tena. Wanazuoni wamemruhusu mpishi aliyefunga kuonja kwa ncha ya ulimi na kutema. Yeye kwa kujihadhari hakuwahi. Wala hakuwapo wa kumwonjea, maana jikoni wote walikuwa wamefunga.

Watu wakafuturu. Aliwaona wakinywa maji kila baada ya tonge, huku wakimwambia mashallah, mkono ni uleule. Mzee Abdulwahab hata aliomba aongezewe, machozi yakimlengalenga. Ni Shadya, mke wa mwanawe, aliyemwinamia sikioni.

"Niwie radhi, Mama. Pilau hii hailiki. Ni chumvi tupu."

"Na hao wanaosifu?"

"Hao wanakuheshimu. Waulize koo zao."

Bi Thuwaiba akaonja, akafumba macho. Kisha akamshika Shadya mkono, akampeleka hadi mbele ya Mzee Abdulwahab.

"Mwakani atapika huyu," alisema. "Ninyi mngeniacha niwalishe bahari mpaka nife."

Mzee akaimaliza gilasi ya maji iliyokuwa mkononi. Bi Thuwaiba akaketi mkekani upande wa wageni, akanyoosha miguu.

Mwenyezi Mungu amjaalie raha ya mwili na mwisho mwema, amrehemu mumewe aliyetangulia, autilie baraka mkono wa Shadya, na awaruzuku wana na wajukuu wao ndimi zisemazo kweli kwa adabu. Amina.