Somo la Kwanza la Mzee Mensa

Jina hilo alipewa na watoto, naye alilijua na alilipenda. Mensa ni meza kwa Kilatini, na ndilo neno la kwanza alilomfundisha kila mwanafunzi aliyepita mikononi mwake. Alikuwa akipiga meza kwa kiganja, paa! na darasa zima linaitikia: mensa, mensam, mensae. Mimi ni mwalimu wa michezo, wananiita Filimbi, na stoo yangu ya mipira imetengwa na darasa lake kwa ukuta wa plaiwudi tu. Kwa hiyo Kilatini nakijua kwa masikio, kama jirani anavyojua ugomvi wa nyumba ya pili.

Shule yetu ni ndogo, ya mtu binafsi, na kila mwalimu ana kofia mbili. Brashi, mwalimu wa sanaa, anashika na maktaba. Mimi nafundisha na hesabu, Mungu anisamehe. Mzee Mensa alikuwa ndiye mshika saa wetu kwenye mbio. Ujana wake aliupitisha seminarini, akabakiza kidogo tu awe padri, akaona msichana, akaoa. Mkewe alitangulia mbele ya haki bila ya wao kujaliwa mtoto, akabaki na dada yake na Kilatini. Ukimtania kwamba anafundisha lugha ya maiti, anakujibu papo hapo: "Maiti hawana haraka. Watakusubiri."

Somo lenyewe lilikuwa limebaki na darasa moja, kidato cha kwanza. Mkurugenzi alisema wazi kikaoni: wakifeli mtihani wa mwisho wa mwaka, Kilatini kinafutwa na chumba kinawekwa vyuma vya mazoezi. Akanigeukia mimi, eti nishukuru. Nilimkazia macho mpaka akainamia chai yake.

Siku ya michezo ndipo niliposhtuka. Nilipuliza filimbi, wasichana wakatoka mbio, wakazunguka uwanja, wakafika, wakajitupa kwenye nyasi wakihema. Nikamwendea Mzee Mensa kwenye mstari wa chokaa. Saa ya kupimia ilikuwa mkononi mwake, bado inahesabu.

"Mzee, wametumia muda gani?"

"Nani? Bado hawajaanza."

Nikacheka, nikidhani ananitania. Yeye hakucheka. Alikuwa anatazama kule mwanzo wa uwanja, anasubiri kwa adabu kabisa.

Tangu siku hiyo nikawa nasikiliza ukuta. Jumatatu: "Watoto, leo tunaanza Kilatini. Neno la kwanza..." Paa! Jumanne, hivyo hivyo. Jumatano nikajiambia labda anawarudia wazito wa kuelewa. Wiki ikaisha, mwezi ukaisha, kila siku leo tunaanza. Na wale watoto wanaitikia kwa nguvu, kama ndiyo kwanza wanalisikia. Hata mmoja hakucheka. Watoto wale wale wanaonizomea nikikosa goli!

Nikamkamata kiranja wao, msichana mwembamba, mkimbiaji wangu wa mbio ndefu, tunamwita Swala.

"Wewe, mnacheza mchezo gani mle ndani?"

"Hatuchezi, mwalimu." Machozi yalikuwa karibu. "Mwanzoni tulimwambia hili tumeshasoma. Akashika meza kwa mikono miwili, akawa anatutazama kama mtu asiyetujua. Akatuuliza mkewe yuko wapi. Tukaogopa, tukaanza kuimba mensa, ndipo akili zikamrudia. Basi tukakubaliana tusimwambie tena."

Nilitaka kumchapa na kumkumbatia kwa wakati mmoja. Nikamwambia aende akakimbie.

Brashi nilipomweleza alisema, "La kuvunda halina ubani, dada. Tuseme sasa." Tukaona kwanza twende kwa dada wa mzee, maana ndugu huanza kuambiwa. Mama wa watu alitukaribisha jikoni. Kila kabati lilikuwa limebandikwa karatasi ya maandishi makubwa: SUKARI, CHUMVI, VIKOMBE. Mlango wa nyuma uliandikwa USITOKE.

"Najua kilichowaleta," akasema. "Nawaombeni msimtoe darasani. Hapa ndani ananiita mama, jina langu limeshapotea. Lakini asubuhi akishavaa tai, anakuwa kaka yangu mpaka mchana. Mkimnyang'anya wale watoto mmeshamzika, nami nitabaki nalisha kaburi."

Mzee mwenyewe akaingia na sinia, akatumiminia chai, akitutania kwamba walimu hawajui kukataa cha bure. Chai ilikuwa na chumvi. Tuliinywa yote, tukashukuru, na siri tukaondoka nayo.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mtihani ukafika. Kwetu maswali hutoka shule jirani, ila kusahihisha ni kazi ya mwalimu wa somo. Na asubuhi ya kusahihisha, Mzee Mensa aliamka mzima. Ugonjwa ule wa kusahau hauna haya: humrudishia mtu akili yake kwa saa chache, ili aone vizuri. Alinisalimia kwa jina langu halisi, akaniuliza hali ya goti. Nilifurahi kama mjinga.

Akafungua karatasi ya kwanza, kalamu nyekundu mkononi. Ya pili. Ya tatu akaanza kukata mistari kwa hasira. Swali la tafsiri, mensa. Swali la historia ya Warumi, mensa. Wengine walichora meza, na walichora vizuri, miguu yote minne, sifa zimwendee Brashi.

"Aibu!" akafoka, ofisi nzima ikaruka. "Watoto wana akili, tazameni hati zao! Mwaka mzima wameibiwa! Huyu aliyewafundisha si mwalimu, ni mwizi. Nani? Nauliza, nani?"

Mkurugenzi alikuwa amesimama mlangoni na kikombe chake. Brashi alikuwa anasugua brashi ambayo ilikuwa safi tayari.

Hakuridhika. Akaagiza kiranja aitwe. Swala akaja anatweta kutoka uwanjani.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Usiogope, kosa si lako. Niambie, nani anawafundisha Kilatini?"

Mtoto akanitazama mimi. Nikatazama sakafu.

"Hatukuwa na mwalimu," akasema.

Hasira yote ikamtoka mzee. Akamwekea mkono kichwani. "Pole. Poleni sana. Basi kesho naingia mimi."

Mkurugenzi alimwita dada wa mzee jioni hiyo. Sitamsingizia, hakufoka wala hakukejeli. Alisema tu kwamba haiwezekani kuendelea, na kweli haikuwezekana. Somo limefutwa, mzee apumzike. Alichokubali ni kumwachia kipindi kimoja cha mwisho, na nadhani alikubali kwa sababu hakuwa na moyo wa kumzuia mlangoni.

Asubuhi Mzee Mensa alipita mbele yangu na tai yake imekaa sawasawa. Dada yake alikaa kwenye benchi nje, mapajani kibegi cha nguo za kaka yake zilizotolewa kwenye kabati la ofisini, akisubiri kengele ili amchukue moja kwa moja. Nikaingia stoo, nikajifungia na mipira yangu, nikaegemea plaiwudi.

"Watoto, nimeambiwa hamkuwa na mwalimu," nikamsikia. "Sasa yupo. Leo tunaanza Kilatini. Neno la kwanza..."

Paa!

Hakuna aliyeitikia. Nilisikia makamasi yakivutwa, na kiti kikisogea. Nikaanza kuomba kwa midomo, jamani, semeni, semeni. Ndipo sauti ya Swala ikatoka peke yake, inatetemeka, "Mensa," na wengine wakamfuata mpaka mwisho.

"Vizuri sana," akasema Mzee Mensa. "Siku ya kwanza tu, na tazama! Nyinyi mtafika mbali."