Kigoda cha Baba

Sisi tuliokulia Kariakoo kabla maghorofa hayajameza nyua zetu, tulijua kutazama maigizo kuliko nyinyi mnaotazama filamu kwenye simu huku mnaipeleka mbele. Uani kwetu, karibu na Msimbazi, Mwalimu Felista alitundika khanga mbili kwenye kamba ya nguo, nasi tukajua hiyo ni nyumba. Mihogo ya kukaanga ilinukia, mchanga ukatuingia kwenye kaptura, na hakuna aliyebanduka.

Igizo alilitunga mwenyewe, alipofiwa na baba yake huko Moshi. Katikati palikuwa na kigoda kitupu. Kila aliyeingia alikiinamia: "Shikamoo, Baba." Kisha kimya. Tulisubiri marahaba. Haikuja. Siku moja mdogo wangu akashindwa kuvumilia, akaitikia kwa kisauti chembamba, "Marahaba!" Ua mzima ukacheka, halafu akina mama wakaanza kujifuta machozi kwa pindo za khanga. Mchezo ulipoisha, Mama Zuhura muuza mihogo, ambaye miguu haikumpa raha, alikipita kile kigoda akaenda kukalia ndoo.

Nilitoka Kariakoo na begi moja. Hakuna aliyenishika mkono. Ughaibuni niliosha vyombo, nikajisomesha, nikarudi na stashahada ya filamu yenye muhuri, na kamera ambayo mjini hapa wanayo wachache. Kazi yangu ya kwanza ikawa igizo la Mwalimu. Alikuwa mzee tayari, anaumwa. Akanikabidhi kigoda kilekile. "Fanya upesi, mwanangu. Nimwone Baba mara moja tu."

Nikafanya kisomi. Filamu ni vitu kuonekana, nilijiambia. Nikajenga sebule ya kweli, nikatundika ukutani picha ya mzee ndani ya fremu ya dhahabu. Shikamoo zote zikaelekezwa pale, na kigoda nikakiweka pembeni. Kile kimya nikakikata, kisije kikachosha watu. Majirani nikawaalika wawe waombolezaji.

Nilipomaliza, nikamwekea Mwalimu filamu kitandani kwake. Alitazama muda mrefu.

"Baba yuko wapi?"

"Yule pale ukutani, Mwalimu."

"Ile ni picha. Mimi namuulizia Baba." Akanyoosha kidole. "Na huyu aliyemkalia ni nani?"

Nikasogea. Nyuma ya waombolezaji, jirani mmoja aliyekosa kiti alikuwa amekaa juu ya kigoda, anakula wali. Siku ile mimi nilikuwa nahangaika na taa. Na filamu hiyo nilishaipitia mara nyingi, mimi na stashahada yangu, sikumwona.

"Nitarudia, Mwalimu."

"Haya," akasema, akageukia upande wa pili.

Kigoda nikakirudisha kwake. Wiki iliyofuata akafariki, na sikuwa nimerudia hata tukio moja.

Msibani, viti vya plastiki vya kukodi havikutosha. Kijana mmoja akaingia ndani, akatoka na kigoda, akakikalia, akatoa simu. Nikamwendea nimwinue, nikaishia njiani. Ningemwambia nini? Filamu yangu aliiona nilipowaonyesha majirani walioigiza, na humo nilimwonyesha kwamba ni kiti tu.

Sisi tulikuwa na miaka saba, makamasi yanatutoka, na hakuna aliyetufundisha. Tulijua pale pana mtu.