Kikohozi Kwenye Kaseti

Jumamosi nilikuwa Mbarara, kwenye kibanda cha kunakili muziki, alipoingia mama mmoja Mkongomani kutoka kambi ya wakimbizi ya Nakivale na kaseti ya marehemu mumewe. Mumewe alipiga kinanda cha mdomo kwenye harusi na matanga ya kambini mpaka kifua kikuu kikammaliza. Fundi alipoicheza kaseti ili ainakili, kinanda kililia vizuri, lakini kila wimbo ulipoisha mpigaji alikohoa.

“Mama, hii kukohoa naweza toa yote,” fundi alisema.

Mama akaweka kiganja juu ya mashine. “Hapana, baba, acha. Hakuimbaka hata siku moja. Mu kaseti yote, sauti yake njo hii kukohoa tu.”

Fundi hakukata kitu. Sisi wa foleni, tuliozoea kumgombeza muziki ukikwaruza kidogo, tulisikiliza kikohozi mpaka mwisho.