Bushi Mpya na Mama Mkwe

Pikapu ya tajiri wangu ilisikika kabla haijaonekana. Ilikuwa ya kizamani hata wakati ule wa vita, na bushi za springi zake, vile vipete vya shaba vinavyozuia chuma kisisagane na chuma, zilikuwa zimelika zikabaki nyembamba kama ganda la karanga. Kila shimo la barabarani lilikuwa na kelele yake. Honi ilikufa kabla sijaajiriwa, na hakuna aliyeona haja ya kuifufua.

Kila juma nilipeleka chumvi, vitambaa na mafuta ya taa kutoka Mwanza hadi Kisesa, kwao mke wangu. Yeye alikuwa amekwenda huko kujifungua mtoto wetu wa kwanza. Mtoto alipotimiza miezi miwili nikaomba nirudishiwe wote wawili, maana nyumba ilinishinda kwa upweke. Jibu la mama mkwe lililetwa na baba mkwe, kwa sababu kwetu mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani wala hawaamkiani. Wakikaribia kukutana njiani, mmoja huingia porini.

"Mama yenu anasema mjukuu wake hapandi dude hilo," alisema. "Maziwa aliyonyonya yatafika Mwanza yamekuwa siagi."

Nilikasirika, kisha nikaona aibu, kwani alisema kweli. Spea hazikupatikana, vita vilikuwa vimezimeza. Nikapata bomba la shaba la mashine kuukuu ya kuchambulia pamba, nikalikata vipande, nikavipiga tupa siku tatu nyuma ya duka la tajiri, mtaa wa Mirongo. Kazi hasa ilikuwa kuzing'oa bushi za zamani. Niliinua gari kwa jeki, nikaanza kugonga pini ya springi iliyoshikwa na kutu. Niliisihi kwa Kiswahili, ikagoma. Nikaitukana kwa Kisukuma, ikatoka. Nikaingiza bushi mpya, nikajaza grisi, nikakaza. Tajiri, Mhindi mpole wa maneno machache, alipanda tukazunguka mtaa mzima, akaniuliza kama injini inawaka.

Jumamosi nikaenda Kisesa kuchukua familia yangu, kichwa kimevimba. Gari lilikwenda kimya hata nikasikia njiwa.

Kwenye kona ya kisima, mama mkwe alikuwa katikati ya njia, mtungi kichwani, amenipa mgongo. Siku zote alilisikia gari tangu mbali, akaingia kwenye mtama bila haraka. Safari hii aligeuka nikiwa hatua chache tu. Tukatazamana macho kwa macho. Mtungi ukaenda kushoto, yeye kulia, na mimi, kwa heshima, nikafumba macho nikaliingiza gari kwenye shamba la mihogo.

Lilikuwa shamba la baba mkwe, na hakukawia kufika.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mihogo imekukosea nini?"

Nikamweleza. Akaenda kwa mkewe nyuma ya ua, akakaa huko muda mrefu mno. Niliogopa. Nilikwisha kujiona nikirudi Mwanza peke yangu, bushi mpya na kiti kitupu.

"Mama yenu amelia," alisema aliporudi. "Si kwa ajili ya mtungi. Anasema mila haikuruhusu umwamkie, lakini tangu binti yake akiwa mjini, kila juma gari lako lilipopiga kelele alijua ni wewe, na kwamba huko binti ni mzima. Sasa umemnyamazia."

Nikauliza habari ya mke wangu.

"Mchukue. Kwa mtoto gari limefaa. Lakini tafuta kelele."

Nikaomba debe tupu, nikatia mawe matatu, nikalifunga kwa kamba nyuma ya bodi. Mke wangu akapanda na mtoto, anacheka ameshika mbavu. Springi zilimbembeleza mtoto, akalala kabla hatujafika kisimani. Hapo nikapunguza mwendo, debe linagonga. Mtama ukatikisika, na kwa mara ya kwanza maishani nikaisikia sauti ya mama mkwe, nyembamba, inaliitikia lile debe:

"Marahaba."